Tundu Lililopakwa Mafuta

Mafundi vitasa wako wa aina mbili: anayevunja na anayefungua. Anayevunja huja na mtaimbo, akaondoka amekuachia kazi ya seremala. Anayefungua huja na mkoba mdogo, akapiga magoti mbele ya mlango wako, akanyamaza mpaka mlango wenyewe uamue kusema. Fundi wa habari hii alikuwa wa aina ya pili, na alijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mtu mwenye kibanda cha mabati kando ya posta.

Alikuwa mfupi, mzito wa maneno, mwepesi wa vidole. Nusu ya mtaa ilitembea na funguo alizochonga yeye, na watu walimtania kwamba eti ndiye mwenye nyumba wa nyumba zote. Alikuwa nao hata ule ambao mafundi huuita ufunguo malaya, kwa kuwa hauchagui kitasa, ila mkewe alishampiga marufuku kulitamka jina hilo mezani.

Mkewe alikuwa mshonaji, na maneno aliyopungukiwa mumewe alikuwa nayo yeye, yakazidi. Watoto hawakujaliwa. Walichojaliwa ni Keekee. Huyo alikuwa mdogo wake mke, kitinda mimba aliyeachwa na mama yao kabla hajajua kutembea. Dada mtu alimlea mgongoni, na siku alipoolewa alikuja naye, kama wengine wanavyokuja na kabati. Jina la Keekee alipewa na mafundi wenzake, maana tangu alipofundishwa kazi na shemeji yake hakuiweka chini keekee yake ndogo ya kutobolea vyuma. Hata kibandani akinywa chai, ilikuwa sikioni, mahali ambapo seremala huweka penseli.

Kutoboa kitasa kuna adabu yake. Kitasa kikikataa pini za kuchokonolea na kikaukataa ufunguo malaya, kuna mahali padogo juu kidogo ya tundu la ufunguo ambapo vyuma vyote vya ndani hukutana. Ukipapata hapo, kitasa kinalegea chenyewe na ubao haupati hata mkwaruzo. Ukikosa kwa upana wa punje, umeharibu kila kitu na unarudi kwenye mtaimbo kama wale wengine. Keekee hakukosa. Ila alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na tundu lake siku zote liliinama kidogo upande huo. Akishatoboa alilisugua mdomo kwa tupa ili lisimkate mtu kidole, kisha akalipaka tone la mafuta.

"Shemeji, tundu lako limelala," fundi alimwambia kila mara.

"Limelala, shemeji, lakini mwenye nyumba ameingia."

Basi wakaishi hivyo, watatu, ghorofa ya pili, nyuma ya mlango wenye kitasa ambacho fundi alikitengeneza kwa mikono yake. Kile hakikukubali pini wala ujanja wowote. Kilikuwa na funguo mbili tu, na fundi alikipenda, tuseme ukweli, kuliko baadhi ya ndugu zake.

Kisha vita vikaja. Nani alianza? Kila upande una jibu lake, na majibu yote mawili yametangazwa kwa sauti nzuri. Ule msemo wa mafahali na nyasi kila mtu anaujua, na wakubwa wa pande zote mbili wanaupenda sana, wanautumia kwenye hotuba. Kinachosahaulika ni kwamba nyasi nazo zina nyumba, na zikihama hufunga milango.

Barabara kuu, ile yenye taa za kuongozea magari, ikawa mpaka. Upande wa juu, walikokaa fundi na mkewe, ukawa unapigwa mizinga kutoka upande wa chini, na wa chini ukapigwa kutoka juu. Hapo ndipo ilipojulikana kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Kombora likianguka jirani si lazima likubomolee nyumba. Linaweza kuitikisa tu, fremu ikapinda, mlango ukabana. Watu wamo ndani, wazima, na hawana pa kutokea. Wakati mwingine moto unakuja nyuma yao. Fundi na Keekee wakawa wanaitwa huku na huku, wakitembea wamejibanza ukutani na mikoba yao, wakifungulia watu ambao hata kuwauliza hali hakukuwa na nafasi.

Asubuhi malori ya msaada yalipokuja kuwachukua wanaotaka kuvuka, mke alikuwa ameshafunga mizigo. Keekee alisimama kando ya lori, mkoba begani, mzigo hana.

"Panda," dada yake alimwambia.

"Dada, kwenye jengo lile la njano kuna bibi amebanwa tangu jana. Nikimtoa, nakuja."

"Ukimtoa huyo atatokea mwingine."

"Atatokea," Keekee alikubali.

Mke akapanda ghorofani, akafunga mlango, akashuka na funguo zote mbili akizitikisa mbele ya pua ya mdogo wake. "Haya. Huna pa kulala. Panda gari."

Keekee akacheka mpaka walio juu ya lori nao wakacheka. "Dada, unamfungia mlango fundi vitasa?"

"Kile cha shemeji yako hukiwezi."

"Kile sikiwezi," alisema, akampa mkono shemeji yake, akakatiza mtaa kuelekea jengo la njano. Mke aliamini atafuata na lori la pili. Alikuwa na hakika kabisa, kwa sababu ndivyo alivyomlea: akinyimwa mlango anarudi. Lori la pili lilifika bila yeye, na la tatu halikuwahi kuja.

Waliwekwa katika shule ya msingi upande wa chini, darasa la tatu, familia kadhaa zikitenganishwa kwa mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. Ukutani kulikuwa na jedwali la kuzidisha, na usiku watu walilala chini ya saba mara nane. Madawati yalirundikwa uani. Fundi aliweka meza yake kwenye lango la shule, na biashara haikuwa mbaya, kwani mtu aliyebakiwa na sanduku moja hulinunulia kufuli zuri kuliko alivyowahi kuinunulia nyumba. Mke alipata cherehani ya kuazima, akawa anapunguza nguo za watu waliokonda.

Simu za upande wa juu zilikatwa. Kila aliyevuka, kwa njia halali au ya vichochoroni, mke alimfuata hata kabla hajapewa maji.

"Hukumwona kijana wa mkono wa kushoto? Ana mkoba wa fundi, ana keekee sikioni."

Watu ni wema, na wema wao wakati mwingine ni balaa. Mmoja alimwona sokoni. Mwingine alimwona hospitali, akisaidia. Wa tatu aliapa kwamba amemwona siku hiyo hiyo kwenye kisima, mbali kabisa na hospitali na soko. Mke alikusanya yote hayo na usiku akayapanga, lakini hayakupangika. Alipunguza maneno. Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba kimyakimya mkewe anyamaze kidogo, sasa alitamani agombezwe hata kwa kuacha kiatu njiani. Alitaka jambo moja tu: amletee mkewe habari moja ya kweli kuhusu Keekee.

Mvua zikaja, zikanyesha, zikaondoka. Baadaye wakubwa walikubaliana kusimamisha mapigano ili wapate kuzungumza jinsi ya kusimamisha mapigano. Kizuizi cha barabara kuu kikafunguliwa kwa siku maalumu. Kwanza waliruhusiwa wanaume peke yao, wakatazame nyumba zao na kurudi kabla ya jioni.

Fundi alivuka na mkoba wake. Taa za kuongozea magari zilikuwa zimelala barabarani, na mtu alikuwa ameanika suruali juu yake. Mtaa wao ulikuwa kimya. Kibanda cha mabati hakikuwepo, wala posta haikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusikitikia kibanda. Jengo lao lilisimama, limepoteza madirisha na kona moja ya paa. Alipanda ngazi taratibu, akipisha vioo.

Mlango ulikuwepo. Juu ya kitasa chake palipigiliwa komeo na kufuli la kawaida, na kufuli lilikuwa limefungwa. Pembeni palikuwa na jozi tatu za viatu vya watoto. Watu walikuwa wanaishi humo, na kwa sasa hawakuwepo. Fundi alijua wamekwenda kuteka maji, kwani alikuwa ameiona foleni kule chini na mitungi yake. Hasira ilimpanda, ya mtu anayekuta kufuli la mwingine kwenye mlango wake. Ndipo alipoinama kutazama kitasa.

Kilikuwa kimetobolewa. Juu kidogo ya tundu la ufunguo palikuwa na tundu jingine, dogo, la mviringo safi, lililoinama upande wa kushoto. Mdomo wake ulikuwa umesuguliwa kwa tupa. Ubaoni hapakuwa na mkwaruzo. Fundi alipitisha kidole, na kidole kikatoka na mafuta.

Alikaa chini kwenye ngazi. Kitasa kile hakuna fundi mwingine mjini angekiweza, na Keekee mwenyewe alisema hakiwezi. Kumbe alikiweza. Na mafuta yalikuwa mabichi. Mafuta ya mashine, kwa vumbi lile la matofali lililokuwa likielea kila mahali, hayakai wiki mbili bila kugeuka tope. Haya yalikuwa safi, yanateleza. Nani mwingine duniani anapaka mafuta tundu la kitasa kibovu? Fundi alicheka peke yake kwenye ngazi, kisha akafuta macho kwa kiganja cha mkono wenye mafuta, yakamuwasha.

Kufuli lile angelifungua kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini kuingia nyumba yenye watoto, wenyewe hawapo, hakuweza, hata ikiwa nyumba ni yake. Angengoja. Akangoja, lakini foleni ya maji haikusogea, na filimbi za kuwaita wanaume zikaanza kulia kule barabarani. Akaondoka akikimbia, na hakuwa mtu wa kukimbia.

"Yu hai," alisema alipoingia darasani. Hakuanza na nyumba.

Mke aliachia kitambaa alichokuwa akishona. "Umemwona?"

"Nimeona kazi yake. Amekitoboa kitasa changu. Mafuta bado mabichi."

Wanawake wa darasa la tatu walipiga vigelegele mpaka mlinzi wa shule akaja mbio akidhani kuna mtoto amezaliwa. Mke alilia, akacheka, akamtukana mdogo wake kwa kuharibu kitasa cha watu, akauliza tundu limekaaje, akaambiwa limelala, akalia tena. Maneno yake yote yakarudi kwa mkupuo mmoja. Fundi alikaa kwenye kona yake akisikiliza, na moyo wake ulikuwa umejaa kiasi kwamba hakuweza kula.

Mkunga mmoja mstaafu, aliyelala upande wa pili wa shuka, alimwita kando.

"Mwanangu, umemwona kwa macho?"

"Dalili ya mvua ni mawingu, mama."

"Mawingu mangapi yamepita hapa tusilowe?"

Fundi alimjibu kwa heshima kwamba yeye hamfundishi mkunga kuzalisha, na mambo ya vitasa amwachie. Yule mama akasema sawa, akarudi kulala.

Siku zilizofuata mke alishona shati. Lilikuwa la buluu, mkono mrefu, na alilipunguza mabega kwa makisio, akisema lazima amekonda, mpumbavu yule, hajui kujipikia. Kila aliyepita alionyeshwa. Ruhusa ya familia ilipotoka, walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kizuizi, shati likiwa limekunjwa ndani ya mfuko.

Safari hii kufuli halikuwepo. Mke alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akigonga kwa nguvu na kumwita mdogo wake kwa jina la utani. Akafungua mama mmoja mwembamba, mtoto kiunoni, wengine wawili nyuma yake. Ndani zaidi alikaa mzee, baba mkwe wa yule mama, akimenya viazi. Yule mama alimtazama mke wa fundi usoni muda mrefu kidogo.

"Wewe ndiye dada," alisema.

"Ndimi. Yuko wapi?"

"Ingieni kwanza mkae."

Mtu ukimuuliza yuko wapi, akakwambia ingia kwanza ukae, ameshakujibu. Mke hakuingia wala hakukaa. Mzee aliweka kisu chini.

Basi yule mama aliwaambia palepale mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzitoa habari kama hizo. Nyumba yao iliungua. Keekee aliwakuta barabarani na watoto, akawaleta hapa. Alihangaika na kitasa mpaka jua likachwea, anatoboa, anasimama, anajisemesha. Alikaa nao siku chache, akilala jikoni. Kisha kombora lilipiga jengo la ng'ambo, wazee wawili wakabanwa ndani, mume na mke. Alikwenda. La pili likaanguka akiwa amepiga magoti mlangoni.

"Lini?" fundi aliuliza.

"Kabla ya mvua."

"Haiwezekani. Mafuta nimeyagusa mwenyewe. Ni mabichi."

"Hayo napaka mimi," alisema yule mama. "Alinionyesha siku ile aliyotufungulia. Akasema kitasa ni cha shemeji yake, nikipake kila wiki kisiingie kutu, la sivyo mwenyewe akija atamgombeza. Chupa aliniachia. Bado ipo."

Fundi alishika fremu ya mlango. Alisoma kila kitu sawasawa: mkono ni wa Keekee, tupa ni yake, mafuta ni yake. Hakukosea ila jambo moja tu, kwamba tundu halimwambii mtu limetobolewa lini. Kwa tone la mafuta alikuwa amempa mkewe ndugu aliye hai, na mkewe alikuwa amemshonea shati. Aliona aibu, na chini ya aibu uchungu, na hakujua aanze na upi. Mkewe hakumgeukia. Afadhali angemgeukia.

"Wale wazee walitoka?" mke aliuliza.

"Mzee alitoka. Mkewe, hapana."

"Nani alimzika mdogo wangu?"

Yule mama alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. Njia ya makaburini, alisema, ilikuwa inapigwa risasi. Majirani walikuwa wameshaondoka. "Ni mimi na baba mkwe. Tulichimba huku nyuma, penye kamba za kuanikia nguo. Yeye alichimba mpaka pumzi ikamwishia, nikaendelea mimi. Nguo zake zilikuwa zimeharibika, nikamvalisha za mume wangu."

"Na mume wako?"

"Hatujui."

Mke aliomba apelekwe. Wakashuka wanawake wawili, fundi akawafuata kwa mbali. Chini ya kamba za nguo palikuwa na tuta lililozungushiwa matofali, majani yameng'olewa. Mke akapiga magoti, akatandaza shati la buluu juu ya udongo, akalinyoosha mabega. Alimwambia mdogo wake maneno ambayo mengine yalikuwa ya matusi. Kisha akalia kwa sauti, na fundi akaja akapiga magoti kando yake, naye akalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza.

Walipopanda tena, mzee alikuwa amekwisha kulikunja godoro na kulifunga kamba. Watoto walikuwa wamevalishwa viatu. Sufuria zilikuwa ndani ya beseni.

"Vitu vyetu si vingi," yule mama alisema. "Tulijua mwenyewe atarudi. Tupeni tu muda wa kushusha."

"Mnakwenda wapi?" mke aliuliza.

"Tutapata."

"Nimeuliza wapi."

Mke alitazama godoro, akatazama mikono ya yule mama, mikavu, yenye kucha fupi, ile iliyochimba. Alipenga kamasi kwa ncha ya mtandio.

"Alipowaingiza humu aliwaambia nini juu yangu?"

Yule mama aliona haya. "Alisema nyumba ni ya dada yake. Akasema dada yake ana maneno mengi, lakini hafukuzi mtu."

Mke alikaa sakafuni, kwenye sebule yake, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Mumewe alingoja, na watoto wenye viatu wakangoja mlangoni.

"Baba," alimwambia mzee, "fungua hilo godoro. Hatoki mtu."